Kabla Mzee Hajauza Pamba Usome Sheria, Jipime Hapa Hapa Nyashimo

(Mada iliyotolewa kwenye kikao cha vijana, Nyashimo, Wilaya ya Busega. Mtoa mada ameiandika upya kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo.)

  

Nimeombwa nizungumze nusu saa kuhusu namna ya kujiandaa kusoma sheria mpaka mtu atoke wakili. Katibu aliponipigia simu alisema, "Kaka, njoo uwape vijana mbinu." Mbinu zipo na nitazisema. Lakini kwanza niwaambie habari ya bibi mmoja.

Mwaka jana alinifuata bibi kutoka kijiji kimoja cha humu humu wilayani. Mjukuu wake amefungwa. Nakala ya hukumu ameikunja vizuri ndani ya kitenge, anaitoa kama mtu anayetoa hela ya ada. Nikaangalia tarehe. Ilikuwa siku ya 23 tangu hukumu isomwe. Sasa, ukitaka kukata rufaa ya jinai kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, sheria inakutaka utoe kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, halafu rufaa yenyewe uiwasilishe ndani ya siku 45, ukitoa zile siku ulizokuwa unasubiri nakala. Siku 10 zilishapita zamani. Mjukuu angeweza kutoa kusudio lake akiwa humo humo gerezani, kupitia kwa mkuu wa gereza, lakini hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Ikabidi tuombe kuongezewa muda, na muda hauongezwi kwa kulia, unaongezwa kwa sababu. Shauri bado liko mahakamani, kwa hiyo naishia hapo.

Nawauliza: humu ndani tuko wangapi? Naona karibu sitini. Wakili ni mmoja, ndiyo mimi, na mimi naishi Mwanza. Ndiyo maana nimekuja. Sikuja kumfundisha mtu kuvaa suti.

Haya, tuingie kwenye mada.

Mnakumbuka Oktoba 2022? Yalitoka matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo kule Dar es Salaam. Watahiniwa 633. Waliofaulu moja kwa moja ni 26. Wenye masomo ya kurudia walikuwa 342, na 265 wakadisko. Hesabu ya haraka: katika kila vijana 100, waliovuka bila kurudia hata somo moja ni wanne. Na hawa si watoto wa kidato cha pili jamani. Hawa wote walikuwa na shahada ya sheria mkononi, wameshapigwa picha na joho, wazazi wameshachinja mbuzi. Nchi nzima ikapiga kelele, Waziri Ndumbaro akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, lawama zikaenda kwa shule, zikaenda kwa vyuo, zikaenda kwa wanafunzi wenyewe. Sisi kama vijana wa upinzani tuna ya kwetu ya kusema: mtoto aliyesoma shule ya kata, darasa la wanafunzi 90, mwalimu mmoja wa Kiingereza, unamletaje mwisho wa safari umshangae kwamba hawezi kuandika hati ya madai? Hilo tutaendelea kulisema majukwaani. Leo lakini nazungumzia kile kilicho mikononi mwako wewe.

Angalieni wenzetu wanavyofanya. Marekani, kabla hujaingia chuo cha sheria, wengi wanafanya mtihani unaoitwa LSAT. Mtihani ule hauulizi kifungu hata kimoja cha sheria. Unakupa habari ngumu uisome, unakupa hoja ya mtu useme imepasuka wapi. Zamani ulikuwa pia na sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na viti, wakaiondoa Agosti 2024. Hapa jirani Kampala, chuo cha Makerere nacho kwa miaka kilikuwa na mtihani wa kujiunga na shahada ya sheria, hata kama ulikuwa na alama nzuri za kidato cha sita. Yaani kwa wenzetu chujio liko mlangoni. Kwetu hapa, ukiwa na alama zako za kidato cha sita, au umetoka Lushoto na stashahada yenye ufaulu mzuri, mlango uko wazi, karibu ndani. Chujio liko mwisho. Unakutana nalo baada ya miaka mitatu au minne ya chuo, baada ya mzee kuuza pamba misimu minne, baada ya ng'ombe wawili kuondoka zizini.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndio huu: kama hawakupi mtihani mlangoni, jitungie wewe mwenyewe, uufanyie hapa hapa Nyashimo. Ujue mapema unapungukiwa wapi, uanze kulipa deni hilo kabla halijazaa riba.

Mtihani wenyewe ukoje? Kuna tovuti inaitwa TanzLII. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ziko pale, bure, unalipia bando tu. Pakua hukumu moja ya kurasa kumi na tano. Weka simu ikuonyeshe saa moja. Isome. Saa ikiisha funga simu, chukua daftari, uandike bila kuchungulia: nani anamlalamikia nani, anataka nini, swali lililokuwa mbele ya mahakama lilikuwa lipi, mahakama imejibu nini na kwa sababu gani. Mistari kumi inatosha.

Nawaambia ukweli, mara ya kwanza mtashindwa. Mimi nilishindwa nikiwa mwaka wa pili chuoni, wakati najiona mwanasheria kamili. Niliandika ukurasa mzima wa stori ya kesi, nani alimkuta nani shambani na panga, na swali la kisheria sikuligusa kabisa. Kumbe nilikuwa nasoma hukumu kama gazeti. Na ugonjwa huo ndio ulionifikisha Shule ya Sheria nikarudia somo moja. Simlaumu mtu, kosa lilikuwa langu. Nilibeba madesa ya waliotangulia, nikakariri, nikaingia chumba cha mtihani nikiwa nimejaa kama debe. Swali likaja limegeuzwa kidogo tu, debe likamwagika.

Sasa hebu tufanye mfano, maana maneno matupu hayasaidii. Nimetunga swali hili jana usiku. Kijana amekamatwa Lamadi saa 2 usiku akiwa na bendera ya chama, anatuhumiwa kuharibu mali kwenye mkutano. Amepelekwa kituo cha polisi Nyashimo. Maelezo yake ya onyo yameandikwa kesho yake saa 4 asubuhi, na ndani yake anakiri kosa. Mwendesha mashtaka anataka kuyatoa kama ushahidi. Wewe ni wakili wa kijana. Mshauri.

Nilimpa swali hili mdogo wetu mmoja hapa, jina lake silitaji, anacheka pale. Aliandika kurasa mbili safi kabisa kuhusu Ibara ya 20 ya Katiba, uhuru wa kukusanyika, na jinsi polisi wanavyoonea upinzani. Nimesoma mpaka nikasisimka. Alama? Sifuri. Kwa sababu swali halijauliza hilo. Swali linauliza kuhusu maelezo ya onyo.

Anayejibu vizuri anaanza hivi: je, maelezo haya yameandikwa ndani ya muda unaoruhusiwa na sheria? Halafu anaitaja sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kwa namba tulizozizoea ni kifungu cha 50, inasema muda wa msingi wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi ni saa nne tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Halafu anapiga hesabu. Saa 2 usiku mpaka saa 4 asubuhi ni saa kumi na nne. Wengi wanaishia hapo, wanashangilia, wanaandika "maelezo yatupwe". Subiri kwanza! Mtunga swali hakuitaja Lamadi kwa bahati mbaya. Sheria hiyo hiyo inasema muda wa kumsafirisha mtuhumiwa kwenda kituoni hauhesabiwi. Kwa hiyo lazima utoe muda wa njiani, na useme kwamba hata ukiutoa, Lamadi na Nyashimo si mbali kiasi cha kumeza saa kumi. Halafu uulize, je, muda uliongezwa? Kifungu kinachofuata kinaruhusu kuongeza mpaka saa nane. Swali halisemi kama uliongezwa, basi nawe sema kwamba halisemi, na ueleze itakuwaje kama uliongezwa: nne na nane ni kumi na mbili, bado kumi na nne imezidi. Mwisho useme mahakama ina hiari, chini ya kifungu cha 169, kuyapokea au kuyakataa maelezo yaliyopatikana kinyume cha utaratibu, na useme kwa nini hapa iyakatae.

Mmeona? Ukurasa mmoja na nusu. Hakuna hasira hata moja humo ndani, na kijana wa Lamadi amesaidiwa kuliko na zile kurasa mbili za Ibara ya 20.

Nataka nikae kidogo hapo kwenye hasira, maana ni ugonjwa wetu sisi wanaharakati. Chukueni kesi ya Bob Wangwe. Wengi mnaijua kwa juu juu: alipinga wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba vifungu vile vya Sheria ya Uchaguzi vinapingana na Katiba. Tukashangilia. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua. Tukanuna. Juni 2023 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikaona vifungu vile vinakiuka haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi. Tukashangilia tena. Naomba aliyesoma hukumu zote tatu anyooshe mkono. Naona hakuna. Basi tulikuwa tunashangilia kama mpira.

Zoezi ni hili. Soma hukumu ya Mahakama Kuu, uandike hoja ya Wangwe ukurasa mmoja: Ibara ya 74(14) inawakataza wanaohusika na uchaguzi kujiunga na chama cha siasa, na sheria ilikuwa inamfanya kila mkurugenzi kuwa msimamizi wa uchaguzi bila kujali. Hiyo ni rahisi, moyo wako uko huko. Halafu soma ya Mahakama ya Rufani, uandike hoja ya Serikali, nayo ukurasa mmoja, kwa nguvu ile ile: kwamba sheria ina kinga ndani yake, msimamizi anakula kiapo, na kadhalika. Bila kejeli. Bila "eti". Ukiona mkono unagoma kuandika, jua hapo ndipo utakapoanguka, kwenye mtihani na mahakamani pia. Wakili asiyejua hoja nzuri ya mpinzani wake anakwenda kushtukizwa mbele ya mteja wake. Mwaka 2025 Tundu Lissu alipoamua kujitetea mwenyewe kwenye kesi ya uhaini, wengi mlifuatilia alivyokuwa anawahoji mashahidi. Hukubaliani na siasa zake? Sawa. Lakini huwezi kumhoji shahidi namna ile kama hujaisoma hoja ya upande wa pili mpaka ukaielewa kuliko wenyewe.

Ndiyo maana napendekeza msisome peke yenu. Hapa Usukumani tuna mfano mzuri kuliko wa chuo chochote. Wagika na Wagalu! Pande mbili, kila upande na ngoma yake, watu wanaangalia ni upande upi unavuta umati. Gawaneni hivyo hivyo. Hawa wanamtetea kijana wa Lamadi, wale ni waendesha mashtaka, wengine watatu ni mahakimu. Dakika kumi kumi. Mkimaliza, mnabadilishana: aliyekuwa mtetezi anakuwa mwendesha mashtaka. Kwenye kubadilishana ndipo mtu anapojifunza, ule upande wa kwanza ni joto la mwili tu.

Lugha. Najua mnasubiri nifike hapa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mnamkumbuka Jaji Galeba, akiwa Mahakama Kuu Musoma, hapo tu juu ya barabara hii hii, aliandika hukumu kwa Kiswahili kwenye shauri lililohusu mgodi wa North Mara, na Rais Magufuli akampandisha kwenda Mahakama ya Rufani. Ni jambo zuri. Lakini hukumu za miaka sitini iliyopita ziko kwa Kiingereza, na utazihitaji. Usiogope. Fanya hivi: soma hukumu kwa Kiingereza, kisha nenda jikoni umsimulie mama kwa Kisukuma. Nina maana kabisa, kwa Kisukuma. Mama akiuliza "sasa kwa nini wakamwachia?" na wewe huna jibu, hujaelewa, rudi ukasome. Akielewa, kaa chini uandike mistari kumi ile ile kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi. Mimi nilimsimulia mama kesi ya mirathi wiki nzima mpaka akaanza kuwashauri majirani. Baba akasema nyumbani sasa kuna mahakimu wawili.

Muda. Hakuna mtu hapa mwenye muda, wakati wa kuvuna pamba jua lote ni la shamba, na wale wa dagaa usiku wote mko ziwani. Sisemi msome saa nane kwa siku. Saa moja, muda ule ule kila siku, inatosha kwa sasa. Andika kwa mkono, maana mtihani ni kalamu, na kuna watu wameshindwa kumaliza maswali kwa sababu vidole vimezoea simu. Na ulichosoma Jumatatu jiulize tena Alhamisi bila kufungua daftari, halafu wiki inayofuata tena. Kile unachokumbuka bila kuangalia ndicho chako. Kingine chote ni cha daftari.

Kuna dada aliuliza swali zuri nikataka kulijibu mbele ya wote. Alisema, "Kaka, mimi nina kidato cha nne tu, na mtoto. Haya yote yananihusu nini?" Yanakuhusu. Kuna astashahada ya sheria, ukitoka hapo stashahada, Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto wanatoa zote mbili, na ukifanya vizuri shahada inafunguka. Ni safari ndefu kuliko ya aliyetoka kidato cha sita, sitakudanganya. Lakini unayo faida moja: ukianza kusoma hukumu leo, utafika chuo ukiwa umeshasoma mia moja, wakati wenzako wanafungua ya kwanza. Na hata usipofika huko, dada, ukijua zile siku 10 na siku 45, bibi mwingine asingelazimika kunisubiri mimi nitoke Mwanza.

Tahadhari moja kabla sijakaa. Mkinunua vitabu vya sheria vya mitumba pale Mwanza, angalieni ni toleo gani. Sheria zetu zimefanyiwa urekebu, Toleo la 2023 lilianza kutumika Julai 2025, na namba nyingi za vifungu zimesogea. Ndiyo maana nilisema "kwa namba tulizozizoea". Kanuni ile ya saa nne ijue kwa maana yake, namba utaihakikisha kwenye toleo jipya. Madesa ya kaka yako wa 2019 yatumie kuwashia jiko.

Nimeongea na Katibu. Jumamosi ijayo, saa 9 alasiri, ofisini, tunaanza na swali la Lamadi. Wagika wakae upande wa dirishani, Wagalu upande wa mlango. Kila mtu aje na daftari na jibu lake la ukurasa mmoja na nusu, limeandikwa kwa mkono. Yule mdogo wetu wa Ibara ya 20 nimempa uendesha mashtaka.